MAUMIVU YA MIGUU YASIYOKWISHA: ASILI ZAKE NA MATIBABU YAKE

Mtu akiumwa na jino hapati usingizi, na asubuhi huonekana mlangoni pa zahanati. Lakini mtu akiumwa na mguu huvumilia. Husema, “Ni uchovu tu,” au “Ni uzee umeingia,” kisha huchechemea mwezi hata mwezi, na pengine mwaka hata mwaka, mpaka siku moja ashindwe kwenda shambani, sokoni au kazini. Hapo ndipo aanzapo kutafuta dawa. Na mara nyingi huanzia kwa mchuuzi wa vidonge asiyeutazama hata huo mguu wenyewe.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo na jamaa zao. Kusudi lake si kumfanya msomaji awe daktari wa nafsi yake, bali kumwezesha kujibu maswali matatu. La kwanza, maumivu haya yametoka wapi? La pili, ni jambo gani niwezalo kulifanya mimi mwenyewe nyumbani? La tatu, ni wakati gani haifai kukawia hata siku moja kwenda hospitali? Tunapotaja “mguu” katika somo hili, maana yetu hasa ni ile sehemu iliyo chini ya kifundo: kisigino, unyayo na vidole.

1. Jinsi mguu ulivyoumbwa

Kila mguu una mifupa 26 na viungo 33, nayo imefungwa pamoja kwa misuli na kano zaidi ya 100. Mwili mzima wa mtu aliyekwisha kukua una mifupa 206. Basi miguu miwili, yenye mifupa 52, peke yake imechukua robo ya mifupa yote. Hii yaonyesha jinsi kazi ya mguu ilivyo kubwa na jinsi ulivyoumbwa kwa ustadi.

Unyayo haukulala chini wote kama ubao. Katikati umeinuka kama upinde, na chini ya upinde huo umekazwa utepe mnene wa kano, uanziao kisigino na kuishia penye vidole, mfano wa uzi wa upinde wa kuwindia. Mtu akikanyaga, upinde hushuka kidogo na utepe hukazika. Akiinua mguu, upinde hurudi. Ndivyo mguu unavyopokea uzito wa mwili bila kuvunjika, mara elfu nyingi kila siku. Mtu anapokimbia, mguu hupokea mara mbili au tatu ya uzito wake. Kitu kilichopewa kazi kubwa namna hii, kikiumia kidogo, hakipati nafasi ya kupona, kwa sababu mwenyewe hukitumia tena kesho yake.

2. Mahali na wakati

Kabla ya kutaja ugonjwa, yafaa mwenye kuumwa ajiulize mambo mawili: maumivu yapo mahali gani hasa, na huzidi wakati gani? Majibu ya maswali haya mawili humsaidia daktari sana, na mara nyingi hutosha kumwonyesha njia kabla hajapima kitu kingine.

Tumfikirie mama auzaye mboga sokoni, naye amekwenda zahanati kuonana na muuguzi kijana.

“Mama, maumivu haya huzidi wakati gani?”

“Alfajiri, mwanangu. Nikishuka kitandani, hatua za kwanza ni kama nakanyaga msumari. Nikiisha kutembea kidogo hupungua. Lakini jioni, baada ya kusimama kutwa, hurudi.”

“Huuma mguu mzima, mama?”

“La, ni hapa tu, chini ya kisigino, kwa upande wa ndani.”

Kwa maneno hayo machache mama huyu amekwisha kumpa muuguzi sehemu kubwa ya jibu, kama tutakavyoona sasa.

3. Maumivu ya kisigino

Aina hii ndiyo inayowapata watu wengi kuliko nyingine. Ule utepe wa chini ya unyayo, mahali unaposhikana na mfupa wa kisigino, umechoka na kuchanika vipande vidogo visivyoonekana. Usiku mguu ukipumzika utepe hujikunja. Asubuhi ukikanyagiwa hunyoshwa kwa ghafula, na ndiyo sababu hatua za kwanza huwa chungu kuliko zote. Huwapata sana watu wasimamao kutwa juu ya sakafu ngumu, kama wauzaji, askari wa ulinzi, walimu na wafanya kazi wa viwandani, walioongezeka uzito, wenye misuli migumu ya shavu la mguu, na wavaao kandambili nyembamba zisizouchukua upinde wa mguu.

Wengi wakipigwa picha ya eksirei huonyeshwa mwiba mdogo wa mfupa chini ya kisigino, nao hushikwa na hofu wakidhani kuwa mwiba huo ndio unaowachoma, na ya kwamba sharti wapasuliwe. Sivyo. Watu wengi wana mwiba wa namna hiyo wala hawaumwi kamwe. Kinachouma ni utepe.

Dawa ya kwanza ni kuunyosha utepe huo, tena haina gharama. Kabla ya kushuka kitandani asubuhi, kaa, uweke mguu unaouma juu ya goti la pili, ushike vidole vyake na kuvivuta kuelekea muundi, mpaka uusikie utepe umekazika chini ya unyayo. Hesabu mpaka 10, kisha ulegeze. Fanya hivyo mara 10, na zoezi zima ulirudie mara 3 kwa siku. Baadaye simama mbele ya ukuta, uweke mguu mmoja nyuma bila kuinua kisigino, uinamie ukuta ili misuli ya shavu la mguu inyoshwe. Jioni waweza kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo kwa muda wa dakika 10 au 15. Usitembee pekupeku juu ya saruji, na uvae kiatu chenye kisigino kidogo na soli nene iliyo laini ndani.

Mwenye kufanya haya sharti awe na subira. Maumivu hayaondoki kwa wiki moja. Lakini walio wengi hupona katika muda wa mwaka mmoja bila kupasuliwa. Sindano ya kutuliza uvimbe yaweza kutolewa na daktari, lakini ikirudiwa rudiwa huweza kuudhoofisha utepe hata ukakatika. Basi haifai kuiomba kila mara kama mtu aombaye kikombe cha chai.

4. Viatu na madhara yake

Viatu viliumbwa kuulinda mguu, lakini mara nyingi ndivyo vinavyouharibu. Kiatu chembamba mbele husukuma kidole gumba upande, na baada ya miaka kifundo cha kidole hicho hutokeza nje kama nundu, kikawa chekundu na chenye kuuma. Vidole vingine hujikunja kama kucha za ndege. Mahali pasuguliwapo ngozi hufanya sugu. Tena neva zipitazo kati ya vidole hubanwa, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne. Mtu husikia moto, au huhisi kana kwamba amekanyaga kijiwe kilichomo kiatuni, lakini akivua kiatu hakioni. Viatu vyenye visigino virefu huongeza taabu hizi, kwa maana hutupa uzito wote mbele.

Wako wasemao kwamba afadhali kuacha viatu kabisa, nao humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio ndefu za Olimpiki za Roma mwaka 1960 pekupeku. Ni kweli alishinda hivyo. Lakini mwaka 1964 alishinda tena huko Tokyo, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu. Mafunzo yake ni kwamba mguu wenye nguvu na uliozoea hufanya kazi kwa namna zote mbili. Si kwamba mtu aliyevaa viatu miaka thelathini aweza kuvitupa leo na kukimbia barabarani kesho. Wala si kwamba mkulima yu salama penye miiba, vigae, funza na samadi bila kitu mguuni.

Ununuapo viatu, fuata shauri hili. Nenda dukani alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa. Vijaribu ukiwa umesimama, vyote viwili, maana mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Ufuate ule mkubwa. Pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu. Waweza pia kukanyaga juu ya karatasi nyumbani, ukauzungushia unyayo kalamu, kisha ukaiweka soli ya kiatu juu ya mchoro huo: ikiwa mchoro wazidi soli, kiatu hicho si chako, hata kikiwa rahisi namna gani. Viatu vya mitumba vyafaa, lakini tazama kwanza soli ya ndani na visigino. Kama vimelika upande mmoja, vimekwisha kulifuata umbo la mguu wa mtu mwingine, nao wako utalazimishwa kulifuata. Akala nazo ni imara na hazichomwi na miiba upesi, lakini ni ngumu. Ngozi laini ikishonwa ndani huzifanya kuwa njema zaidi.

5. Mfupa uliopata ufa

Mwaka 1855 tabibu mmoja wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika habari za askari ambao miguu yao ilivimba na kuuma baada ya mwendo mrefu, ingawa hawakupigwa wala kuanguka. Sababu haikuonekana kwa macho mpaka miale ya eksirei ilipovumbuliwa mwaka 1895. Na mwaka 1897 ikadhihirishwa kwa picha kwamba mifupa myembamba ya katikati ya mguu ilikuwa imepata ufa.

Mfupa hupasuka hivi usipopewa nafasi ya kujijenga. Huwapata kurutu wanaoanza mafunzo, wanafunzi wanaokazana na mbio karibu na mashindano, na mtu aliyekuwa akikaa ofisini ambaye ghafula ameanza kutembea maili nyingi kila siku. Dalili yake ni maumivu ya mahali pamoja pawezapo kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, yanayozidi mtu akitembea na kupungua akipumzika. Picha ya eksirei huenda isionyeshe kitu katika wiki mbili au tatu za kwanza, basi mtu asiambiwe kuwa anajisingizia. Matibabu yake ni kupumzisha mguu na kuvaa kiatu chenye soli ngumu, kwa kawaida wiki 6 mpaka 8. Mwenye kuchuliwa kwa nguvu penye ufa, au kuendelea kukimbia akimeza vidonge vya kutuliza, huweza kuuvunja mfupa kabisa.

6. Jongo

Mtu amelala mzima, na usiku wa manane anaamshwa na kidole gumba cha mguu. Kimekuwa chekundu, kimevimba, kina moto, wala hawezi kuvumilia hata shuka kukigusa. Huu ndio ugonjwa wa jongo. Huletwa na asidi ya uriki iliyozidi katika damu, ambayo hugeuka kuwa chembe ndogo zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo. Huwapata zaidi wanaume, na wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Pombe, hasa bia, nyama nyingi, maini na figo, vinywaji vitamu vya chupa, unene, ugonjwa wa figo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zenye kuongeza mkojo huukaribisha.

Wengi hudhani kwamba wamerogwa, au wamekanyaga kitu kibaya, kwa kuwa maumivu huja kwa ghafula na kuondoka yenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini jongo lisilotibiwa hurudi, na kila lirudipo huharibu kiungo zaidi. Daktari ana dawa za namna mbili: za kutuliza shambulio, kama vile kolkisini na ibuprofeni, na ya kupunguza asidi yenyewe, kama vile alopurinoli, ambayo hunywewa kila siku kwa muda mrefu hata pasipo maumivu. Wengi huiacha hii ya pili mara waonapo nafuu, kisha hushangaa ugonjwa uliporudi. Mtu asinywe ibuprofeni kwa siku nyingi bila shauri, kwa sababu yaweza kuwadhuru wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo au wa moyo, na wanawake wajawazito. Tena, kiungo chekundu chenye moto pamoja na homa huweza kuwa kimeingiwa na usaha. Hilo si jambo la kungoja.

7. Miguu iwakayo moto, na miguu isiyosikia kitu

Sasa twafika kwenye sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika somo hili. Wako watu ambao maumivu yao hayako kisiginoni wala kidoleni, bali miguu yote miwili huwaka moto, huchomachoma kama sindano, hasa usiku, mpaka huitoa nje ya blanketi ipate baridi. Hizi ni dalili za neva zilizoharibika, na sababu moja kubwa ni ugonjwa wa sukari. Sukari iliyozidi katika damu kwa miaka huziharibu neva ndefu kwanza, yaani zile za miguuni. Tena huiharibu mishipa ya damu. Wako watu ambao hugundua kuwa wana sukari kwa sababu ya miguu tu. Kwa hiyo kila mwenye miguu iwakayo moto na apimwe damu.

Sukari si sababu ya pekee. Pombe nyingi na upungufu wa vitamini za namna ya B huleta hali ile ile. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na kwa ajili hiyo wagonjwa hupewa vitamini hiyo pamoja nayo. Mgonjwa asiidharau akidhani ni kidonge cha bure. Dawa iitwayo stavudini, iliyotumiwa zamani na wengi wenye virusi vya UKIMWI, ilijulikana kwa kudhuru neva, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache. Nao ukoma, uwezao kutibiwa na kupona kwa dawa zitolewazo bure, huanza kwa ganzi.

Moto huo ukitoweka wenyewe, msomaji asifurahi haraka. Huenda neva zimekufa, na mguu umekuwa ganzi. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi huko Vellore katika India mwaka 1946, aliwachunguza wagonjwa wa ukoma waliopotewa na vidole. Watu wote walidhani kuwa nyama yao inaoza kwa ugonjwa. Yeye alionyesha kwamba vidole viliharibika kwa sababu mwenyewe hakusikia maumivu: alikanyaga msumari akaendelea kutembea, alishika sufuria ya moto asiiachilie. Maumivu, basi, ni mlinzi wa mwili. Nyumba iliyoondokewa na mlinzi huibiwa mchana kweupe.

Ndivyo ilivyo kwa mwenye sukari. Kijiwe hukaa kiatuni kutwa asijue. Lengelenge hupasuka, huingia uchafu, huwa kidonda. Kidonda huwa ndugu. Na mwisho daktari hulazimika kukata kidole, au mguu mzima, ili kuokoa uhai. Walio wengi katika hao wangaliweza kuiokoa miguu yao kwa kuitazama kila jioni.

Kuna kipimo kiwezacho kufanywa nyumbani bila chombo chochote. Mgonjwa afumbe macho. Jamaa yake amguse polepole kwa ncha ya kidole, bila kusukuma, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, katika kila mguu: jumla ni mahali 6. Kila asikiapo kuguswa aseme. Akikosa kusikia mahali 2 au zaidi, miguu yake imo hatarini, na aende kuchunguzwa.

Mwenye ganzi asitie miguu katika maji ya moto wala asiote moto, kwa kuwa ataungua asijue. Asikate sugu kwa wembe. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Akung’ute viatu kila avaapo.

8. Funza na udongo

Funza si wenyeji wa Afrika. Waliletwa pwani ya Angola kutoka Brazil mwaka 1872 katika merikebu, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wamelivuka bara zima na kufika Afrika Mashariki. Jike lake, lililo dogo kama milimita moja, hujichimbia katika ngozi ya vidole au kisigino, na kwa muda wa wiki mbili hivi huvimba kufikia ukubwa wa mbegu ya njegere, likitoa mayai. Mwenye funza wengi hawezi kutembea vyema. Mtoto huacha shule, si kwa maumivu tu, bali kwa aibu ya kuchekwa.

Kuwachokoa funza kwa pini moja ipitayo kutoka mtu hata mtu ni hatari, maana huweza kueneza virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na kidonda huweza kuingiwa na pepopunda. Mafuta ya taa na dawa za kuogeshea mifugo huunguza ngozi na kuleta sumu. Mafuta ya dimetikoni, ambayo huziba njia ya pumzi ya mdudu, yamejaribiwa hapa Kenya: katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, baada ya siku 7 funza 78 katika kila 100 waliopakwa mafuta hayo walikuwa wamekufa, ambapo maji ya pamanganeti yaliua 39 tu katika kila 100. Lakini dawa peke yake haitoshi ikiwa sakafu ni vumbi tupu. Sakafu na imwagiwe maji na kusiribwa au kutiwa saruji, mbwa na nguruwe wasilale ndani, na miguu ioshwe kwa sabuni kila siku.

Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu uliotokana na volkano, kama sehemu za Ethiopia, Uganda, Rwanda na Cameroon, iko namna ya matende isiyoletwa na mbu. Daktari Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha kwamba chembe ndogo za udongo huo hupenya ngozi ya mtu atembeaye pekupeku miaka mingi. Huanza kwa moto na uvimbe wa unyayo, kisha mguu hukua. Kinga yake ni mambo mawili yaliyo rahisi kutaja: viatu, na kuosha miguu. Aliyekwisha kupatwa, akiosha kwa sabuni kila siku, akipaka mafuta, akifunga bendeji na kuinua miguu apumzikapo, hupata nafuu kubwa.

9. Miguu ya watoto

Mtoto mchanga kuwa na unyayo bapa si ugonjwa. Upinde hutokea kadiri akuavyo. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 apendaye mpira, akiumwa kisigino baada ya mchezo, mara nyingi ni mfupa unaokua. Apunguziwe mbio kwa muda, atapona. Lakini mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka miwili, akivimba mikono na miguu yote pamoja na kulia mfululizo, apelekwe kupimwa selimundu, hasa katika jamaa za Pwani na za Magharibi ya Kenya ambako ugonjwa huo ni mwingi. Na mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga kabisa apelekwe siku ile ile, kwa maana usaha huenda umeingia mfupani.

10. Dalili zisizongojewa

Nenda hospitali bila kukawia uonapo lolote katika haya:

(a) mguu umevimba, ni mwekundu na una moto, pamoja na homa;
(b) mguu umekuwa baridi, mweupe au mweusi kwa ghafula;
(c) shavu la mguu mmoja tu limevimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua, kupasuliwa au safari ndefu;
(d) kidonda chochote, hata kidogo, katika mguu wa mwenye sukari au mwenye ganzi;
(e) mguu wa mwenye sukari umevimba na kuwa na moto hata kama hauumi, maana mifupa huenda inavunjika ndani;
(f) umekanyaga msumari au mwiba mrefu, wala hukumbuki sindano ya pepopunda;
(g) huwezi kukanyaga baada ya kuteguka au kuanguka.

Tena, mtu ambaye mashavu ya miguu humkaza kila atembeapo umbali fulani, na kuachilia asimamapo, huenda mishipa yake ya damu imeziba. Kama avuta sigara, dawa ya kwanza ni kuiacha.

11. Utunzaji wa kila siku

Osha miguu jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uikaushe hata kati ya vidole. Paka mafuta visigino ili visifanye magaga, lakini si kati ya vidole, kwa sababu unyevu wa hapo huleta ukoga. Kata kucha kwa kunyoosha, usizichimbe pembeni. Wavaao buti za mpira katika mashamba ya chai na maua wazianike zikauke, na wabadili soksi. Tazama nyayo kwa kioo, au mwombe mtoto akutazamie. Yeye ana macho mazuri kuliko yako.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kisigino huzibwa kwa mafuta kidogo. Mguu uliokatwa hauzibwi kwa kitu chochote. Mwenye kuumwa zaidi ya wiki mbili bila nafuu, na asijione mzembe wala mwoga akienda kupimwa. Miguu ndiyo impelekayo baba kazini, mama sokoni na mtoto shuleni, nayo hupewa heshima yake kabla haijapotea.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini maumivu ya kisigino huzidi katika hatua za kwanza za asubuhi?
2. Eleza njia mbili za kujua kama kiatu chakufaa kabla hujakinunua.
3. Kwa nini mgonjwa wa jongo asiache dawa aonapo nafuu?
4. Ni hatari gani iliyopo mguu unapokoma kuuma bila kutibiwa?
5. Mfanyie jamaa yako kipimo cha kugusa vidole. Alikosa kusikia mahali pangapi, na sasa utamshauri nini?